Bagamoyo kwa saa 27: jua la utosi, baiskeli 11 na Bonge wetu

UKIMWAMBIA kijana wa Dar kwamba wikiendi hii unakwenda Bagamoyo kwa baiskeli, swali la kwanza atakalokuuliza ni kama umekosa nauli. La pili ni mtatumia muda gani. Kwa hilo la kwanza, nauli nilikuwa nayo mfukoni, tena ya kwenda na kurudi. Kwa hilo la pili, msomaji wangu, kaa vizuri kwenye kiti: tulitumia saa ishirini na saba kasoro robo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Gari linakwenda kwa saa moja na nusu, likichelewa sana mbili. Sisi tulilala njiani.

Na nakwambia hivi, tangu nizaliwe sijawahi kuifaidi siku ya jua kali kama ile.

Ilikuwa Jumamosi, 12 Oktoba 2024. Jumatatu yake ilikuwa tarehe 14, siku ya kumkumbuka Baba wa Taifa, kwa hiyo wenye ajira walikuwa na siku tatu mkononi, na sisi tusio na kazi ya kueleweka tulikuwa nazo zote saba. Kikundi chetu hakina jina wala kadi ya uanachama. Kilizaliwa kijiweni Mwenge, kwa fundi baiskeli mmoja ambaye ukimpelekea tyubu kuziba pancha unajikuta umekaa mpaka jioni. Safari hii tulikuwa watu kumi na mmoja, mabinti wanne na vidume saba. Kila mtu alichanga shilingi 15,000 za mchele, maharage, mkaa na dharura. Majina yao halisi siyaandiki, maana wapo walioaga nyumbani kwa maneno ambayo si lazima yasomwe na wazazi. Nitatumia yale ya kijiweni.

Fundi mwenyewe tunamwita Kapteni. Aliweka sheria moja tu, akaisema usiku wa Ijumaa wakati tunapima upepo kwenye matairi:

"Mwenye kasi ndogo kuliko wote ndiye mwenye msafara. Akisimama, tumesimama. Akiwa na kiu, wote tuna kiu."

Kila mtu akamtazama Bonge. Bonge akatazama chini.

Huyu bwana ngoja nikueleze. Ana miaka 26, ana kibanda cha simu na chaja pale Sinza, na mizani ya duka la dawa jirani ilimsoma kilo 112 wiki ile. Mwaka 2021 baba yake alianguka bafuni kwa kiharusi, hakuamka tena. Miezi michache baadaye Bonge naye akapimwa presha kwa bahati tu, ikaonekana 170 kwa 110, mtu ambaye alikuwa hajafika hata miaka 25. Daktari akampa vidonge na akamwambia mwili unataka jasho. Ndipo akanunua baiskeli ya mtumba. Tatizo ni mama yake. Kila akimwona na baiskeli, mama huyo anaanza kulia kwamba mwanawe anataka kumletea msiba wa pili. Kwa hiyo baiskeli Bonge huilaza kwa Kapteni, na asubuhi ya safari alimwaga mama kwamba anakwenda Bagamoyo na wenzake kula sikukuu. La usafiri hakuligusa.

Basi bwana, tuliondoka Mwenge saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza likiwa linaanza kupauka. Hiyo ndiyo saa ya kuifaidi Barabara ya Bagamoyo. Lugalo, Tangi Bovu, Mbezi, Africana, vyote vinapita huku kijiupepo kinakupapasa shingoni na daladala bado chache. Mpaka Tegeta unaweza kukaa kwenye njia ya pembeni, ingawa na bodaboda nao wanaipenda, na wakikukuta humo ati wewe ndiye unayewazibia.

Mabinti wetu walipata salamu zao kama kawaida. "Anti, tupa hiyo nikupakie!" Mmoja wa waendesha bodaboda alitufuata kuanzia Tangi Bovu mpaka Makonde akiimba wimbo huo huo. Binti mmoja anayefanya kazi saluni, ambaye miguu yake haina mchezo, akamgeukia: "Njoo nikupakie wewe, mizigo mizito nimezoea." Jamaa akakata kona ya kwanza aliyoiona.

Tegeta tulikunywa chai. Chapati, maharage, na wenye uwezo supu. Bonge alichukua ndizi mbili na chai isiyo na sukari, akala kama mtu anayetumikia kifungo. Hapo ndipo msafara ulipokatika mkia, au niseme kichwa. Kuna vijana wawili tunaowaita Mapacha. Si ndugu, ila wananunua vitu sawa: baiskeli za gia, helmeti za kung'aa, suruali zile za kubana zenye godoro matakoni. Wakatazama saa. Ilikuwa saa moja na robo na tulikuwa hatujamaliza hata robo tatu ya chapati.

"Wazee, tukutane Bagamoyo," wakasema. Kapteni akawakumbusha sheria. Wakacheka, wakapiga pedali, na ndani ya dakika moja walikuwa nukta mbili kule kwenye kilima. Walikuwa wepesi kama manyoya, na sababu yake nitaieleza baadaye, iwekeni akilini.

Tukabaki tisa. Mbele alikaa Kapteni, nyuma kabisa Muuza Madafu. Huyu ni kijana wa Mwananyamala ambaye baiskeli kwake si mchezo, ni ofisi. Anaendesha Phoenix nyeusi, ile ya fremu ndefu na breki za vyuma, yenye keria iliyochomelewa nondo za ziada. Kila siku ya Mungu anapakia madafu mpaka baiskeli haionekani. Safari hii alipakia sufuria mbili, mchele, mkaa, madumu ya maji na mahema yote matatu, akafunga kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, halafu akaendesha huku akipiga mluzi. Wale wa baiskeli za gia walimcheka Mwenge. Kufika Boko walikuwa wameacha.

Ukishavuka Tegeta barabara inabana na mambo yanabadilika. Tulijipanga mstari mmoja kama siafu, mkono wa kushoto kabisa, na Kapteni akatufundisha ishara: mkono chini maana yake kuna shimo, mkono juu simama. Basi kubwa likikupita hapo, kwanza unasikia honi, halafu upepo unakusukuma kwenye mchanga, halafu unafyonzwa kurudi barabarani. Ukiwa peke yako unatetemeka. Mkiwa tisa kwenye mstari dereva anawaona mapema, na wengine walipunguza mwendo wakatupungia.

Bunju tulipita saa tatu na jua lilikuwa limeshaamka na hasira zake. Kwenye daraja la mto Mpiji, pale Dar es Salaam inapokwisha na Mkoa wa Pwani unapoanza, tulisimama kupiga picha, na ndipo nikaona tunavyokauka. Chupa zilizojaa Tegeta zilikuwa tupu. Lami ilikuwa inatoa ule mvuke unaofanya magari ya mbali yaonekane yanaelea majini.

Sasa sikiliza, mtu wa mjini hulijua jua la dirishani. Jua la barabarani ni jingine. Ukiwa unatembea na baiskeli huna habari nalo kwa sababu upepo wa mwendo unakausha jasho papo hapo. Unajiona mzima. Ukisimama tu, ndipo linapokupiga, utadhani kuna mtu kafungua mlango wa tanuri la mikate. Ndiyo maana watu wengi huzidiwa kwenye mlima, ambapo mwendo umeisha lakini kazi imeongezeka.

Na mlima wa Bonge ulikuwa baada ya Mapinga. Kwa gari huwezi kuujua kama ni mlima. Kwa kilo 112 ni Kilimanjaro. Alipanda nusu, akashuka, akaanza kukokota. Nyuma yake alikuwa dada mmoja aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, tunamwita Nesi, na Nesi hakuwa anatazama barabara, alikuwa anatazama shingo ya Bonge. Akaita, mkono juu. Wote tukasimama.

"Kichwa kinagonga?"

"Kidogo."

"Kichefuchefu?"

Bonge akatikisa kichwa kukubali.

"Ile dawa yako ya presha ni ipi? Ile ya kukojoza?"

Ndiyo hiyo. Kumbe, kwa taarifa yako, zipo dawa za presha zinazofanya kazi kwa kuutoa mwili maji na chumvi kupitia mkojo. Ni dawa nzuri, zimeokoa wengi, ila mtu anayezitumia akikaa juani anapoteza maji kwa milango miwili, jasho na mkojo. Bonge alimuuliza daktari wake kabla ya safari, akaambiwa aende taratibu, anywe maji kabla ya kiu na asijifanye bingwa. Nesi akatuambia kilichokuwa kinamtia wasiwasi. Mtu akiwa bado anatoa jasho na anaongea vizuri, hapo ni kivuli, maji ya kunywa kidogo kidogo, kitambaa kibichi shingoni na kupepewa. Ukiona ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi imekuwa ya moto kama pasi, au ameanguka, hapo hakuna mjadala, ni hospitali mbio, huku unammwagia maji mwili mzima njia nzima.

Bonge alikuwa anatoa jasho na anaongea vizuri. Lakini saa ilikuwa tano, na saa mbaya zaidi ilikuwa bado.

Tulimsogeza polepole, mwendo wa harusi, mpaka Kerege. Pale pembeni ya barabara, mita kama mia kwa ndani, kuna mashamba ya mikorosho. Mkorosho mkubwa ni nyumba, msomaji. Matawi yanashuka mpaka karibu na ardhi, ndani yake kuna ubaridi wa mtungi. Chini ya mmoja alikaa bibi na mjukuu wake wakiokota korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnakimbia nini?"

Tukamwambia hatukimbii kitu, tunaomba kivuli. Akatutazama, akawatazama mabinti, akazitazama baiskeli, akasema kivuli hakiuzwi lakini kisima kiko kule na ndoo yake tupu. Muuza Madafu na binti wa saluni wakachukua ndoo mbili wakaenda. Walikaa huko muda mrefu kuliko kina cha kisima kile, ila tuyaache kwanza.

Tukiwa tunamlaza Bonge kwenye mkeka, miguu juu ya gunia la mchele, likasimama kirikuu limejaa mananasi ya Kiwangwa, linarudi tupu nusu kuelekea Bagamoyo. Dereva alituona tukivuka barabara. Akashuka, akaja mpaka chini ya mkorosho. Kijana mwema kabisa.

"Mpakieni huyo mkubwa na baiskeli yake. Bure. Nusu saa yuko Bagamoyo."

Hapo pakawa kimya. Nusu yetu tuliona ni jibu la Mungu. Mwalimu, anayefundisha historia sekondari moja ya Mbagala, akasema wazi kwamba afya kwanza, mambo ya ushujaa baadaye. Binti mwingine akasema tukimpakia na sisi tutafika mapema. Hilo la pili, nakiri kwa niaba ya wote, ndilo lililokuwa vichwani mwetu.

Bonge akainuka kwa kiwiko. "Mkinipakia sawa," akasema. "Lakini mimi sitashukia Bagamoyo. Nitageuka na gari la kurudi mpaka nyumbani, na baiskeli nitaiuza Jumanne."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia bei ya chaja.

Kapteni akamtazama Nesi. Kumbuka hapa ndipo maamuzi yalipokuwa: si kwa Kapteni, si kwa Bonge. Nesi akamshika mkono, akahesabu mapigo akitazama saa, akamuuliza tarehe, jina la rais na bei ya chaja. Akajibu yote, ya chaja akaongeza na punguzo. Nesi akasema, "Akilala hapa kivulini mpaka alasiri na akanywa ninavyotaka mimi, anaweza. Akitoka sasa hivi, kwa baiskeli au kwa ubishi, sikubali."

"Gari liende," akasema Kapteni.

Yule dereva akacheka, akatuachia mananasi mawili, akaondoka.

Na hivyo ndivyo siku yetu ilivyogeuka. Tulikaa chini ya mkorosho ule kwa saa nne. Nne nzima! Mjini saa nne ni foleni mbili. Pale zilikuwa maisha.

Tulipika wali na maharage. Tulikula mabibo mpaka koo likawasha, na mwenye shati jeupe akaonywa na bibi kwamba maji ya bibo yakikauka kwenye nguo hayatoki hata kwa jiki. Hakusikia, sasa shati ni la kudekia. Nesi alikoroga dumu la maji, kwa kila lita vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akatugawia sote. Bonge naye akapewa. "Wewe ndiye unayepoteza maji na chumvi kwa milango miwili. Kunywa." Akanywa. Kila baada ya muda Nesi anapita na kikombe kama mgeni rasmi.

Saa sita na dakika kumi Mwalimu akatuita tutoke kivulini dakika moja. Akasimamisha pampu ya baiskeli wima kwenye mchanga. Haikuwa na kivuli. Kilikuwa kimekwisha kabisa, kimejificha chini ya kitako chake. Akatueleza kwamba Dar es Salaam na jirani zake jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini na karibu na wiki ya pili ya Oktoba likirudi kusini. Tulichagua siku hiyo hiyo kwenda kuendesha baiskeli! Tukarudi ndani ya mkorosho mbio.

Lakini Mwalimu ukimfungua hafungiki. Akasema watu walioitengeneza njia ya Bagamoyo walikuwa na akili kutuzidi. Karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kutoka Tabora na Ujiji mpaka pwani, mtu na mzigo wa kilo kama 30 begani, pembe za ndovu zikiwemo. Hawakutembea adhuhuri. Kirangozi aliyetangulia na bendera aliwatoa alfajiri, na jua likikaribia utosi mizigo ilikuwa chini, moto umewashwa, kambi imepigwa. Miezi mitatu namna hiyo. Hakuna aliyewaambia ni wavivu. Naye Mwalimu mwingine, yule tuliyepewa sikukuu kwa ajili yake, Oktoba 1967 alitoka Butiama akatembea kwa miguu mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, siku kadhaa njiani.

"Na yeye alipumzika mchana?" akauliza Bonge kutoka mkekani.

Mwalimu akasema angekuwa hajapumzika asingefika.

Bibi naye akatupa yake. Marehemu mumewe alikuwa anapeleka mkaa Tegeta kwa baiskeli, magunia mawili. Alikuwa akiondoka saa nane za usiku, kunakucha ameshauza, na mchana anarudi tupu akilala chini ya miti. Nikamwona Muuza Madafu anatikisa kichwa taratibu. Hakusema neno, ila hiyo ndiyo ratiba yake mwenyewe.

Wakati huo simu zilikuwa zinalia. Mapacha walifika Bagamoyo saa nne na nusu. Saa sita wakaandika: "Mko wapi?" Kapteni akajibu: "Kerege." Saa nane: "Bado Kerege?" Akajibu: "Bado." Halafu watu wote tukalala. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kulala mchana bila kuumwa, bila redio ya jirani, bila mtu kukuuliza umeamka na mpango gani. Upepo wa bahari ulianza kuingia saa nane na nusu hivi, majani yakawa yanasuguana, na Bonge akakoroma mpaka kuku wa bibi wakahama.

Saa tisa ukazuka ugomvi wa pili, na huu ulikuwa wa hesabu. Zilibaki kilomita ishirini na ushee. Jua lingezama saa kumi na mbili na robo. Taa tulikuwa nazo tatu kwa baiskeli tisa. Ukiondoka mapema jua linammaliza Bonge, ukichelewa giza linatumaliza wote. Mwalimu alitaka tutoke hapo hapo, Nesi alitaka saa kumi na nusu. Kapteni ndiye aliyekata shauri. "Usiku barabarani baiskeli ni kivuli tu, dereva anaiona ikishapita. Tunatoka saa tisa na nusu, tunakwenda kwa mwendo wa Bonge, na itakapofika saa kumi na mbili kasoro robo, popote tulipo tunapiga kambi. Hata kama Bagamoyo inaonekana."

Tukamwachia bibi nanasi moja na ndoo zimejaa.

Alasiri ile ilikuwa ya watu wengine kabisa. Mwanga wa njano, upepo mgongoni na ubavuni, watoto wanatoka mbio pembeni wakitupigia kelele, minazi imesimama kama walinzi. Bonge alikuwa na vituo vyake, kila kilomita mbili kikombe cha maji. Alipanda vilima viwili bila kushuka. Kwenye cha pili tulimpigia kengele zote nane kwa pamoja.

Halafu tairi la binti wa saluni likakanyaga mbigili. Pancha ni dakika kumi, kumi na tano ukiwa na mikono ya kushoto. Na tulikuwa na Kapteni, fundi wa miaka mingi, ana solushen, ana viraka, ana spana. Lakini Muuza Madafu akasema aachiwe yeye. Alichukua dakika arobaini. Alitafuta tundu kama anayetafuta sindano baharini, huku binti amemshikia tyubu upande wa pili na wanaongea kwa sauti ambayo sisi hatukuisikia. Nilipomtazama Kapteni akanikonyeza, akakaa chini akavua viatu. Sheria ni sheria.

Saa kumi na mbili kasoro robo ilitukuta Zinga. Bagamoyo ilikuwa imebaki kilomita kumi na kidogo, yaani mtu mwenye haraka anaisikia harufu ya samaki. Hakuna aliyebisha. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaandika majina kwenye daftari, tukaonyesha vitambulisho, akatupa uwanja nyuma ya nyumba yake. Tukaanza kufungua mahema chini ya minazi miwili mizuri. Akaja mbio: "Hapo hapana! Mnataka nazi ziwaamshe?" Tukahamia kwenye mwembe.

Mwezi ulishapita nusu, ulikuwa juu tayari giza lilipoingia, na hatukuhitaji taa kupika. Ni hapo, tunatandika, ndipo simu ya Kapteni ilipolia. Mapacha. Sauti ilikuwa imepungua ile kasi ya asubuhi.

"Oya, hema letu liko kwa nani?"

Sasa ndiyo ile sababu niliyokuambia uiweke akilini. Walikuwa wepesi kama manyoya kwa kuwa hema lao, shuka zao, hata mswaki wa mmoja wao, vyote vilikuwa kwenye keria ya Phoenix. Walishinda Bagamoyo tangu saa nne na nusu, juani, na pesa ya soda. Guest walizouliza wikiendi ile ndefu ama zimejaa ama bei imepanda.

Walifika Zinga saa mbili na nusu usiku, wamekaa juu ya guta na baiskeli zao zimelala miguuni, helmeti bado kichwani. Kati ya watu kumi na mmoja tuliotoka Mwenge, ni hao wawili tu waliopanda chombo cha moto. Bonge ndiye aliyewapokea. Hakuwatania, aliwasaidia kushusha baiskeli, akawaambia wali umekwisha ila ukoko upo, na akawawekea nanasi.

Asubuhi tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Kapteni akampeleka Bonge mbele ya mstari, wote kumi nyuma yake, Mapacha mkiani wakiwa wamebeba madumu ya maji. Kiromo tukaipita, nyumba zikaanza kusongamana, kibao cha mji kikatokea kushoto. Nilidhani atasimama hapo apige picha. Hakusimama. Alipita stendi, akapita mitaa ya zamani yenye milango ya kuchongwa, akateremka mpaka ufukweni, pale soko la samaki lilipo na magofu ya forodha ya Wajerumani. Akaegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini na suruali yake. Ilikuwa saa mbili na robo.

Alikaa humo kama dakika tano. Kisha akatoa simu, akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa imelowa na hakutaka kuibana sikioni.

"Shikamoo mama. Nimefika Bagamoyo."

"Marahaba." Kimya kidogo. "Si uliondoka jana alfajiri wewe? Mlipanda gari gani hilo?"